Kodi inaposhuka kwa shilingi nane

Kila mwaka katikati ya Juni, Waziri wa Fedha akisimama Dodoma kusoma bajeti, bei za Gungu, hapa Kigoma, huwa zimeshaanza kusogea. Sheria ya Fedha huanza kutumika tarehe 1 Julai, ila duka la jumla halingoji Julai. Mzigo ulioko stoo, uliolipiwa kwa bei ya zamani, hulala na bei moja ukaamka na nyingine, na ukiuliza utajibiwa, "Kwani hujasikia bajeti?" Upande wa pili sijawahi kuuona: kodi itangazwe kupunguzwa leo, na kesho yake mche wa sabuni ushuke.

Mimi nawaandikia hesabu wenye maduka madogo hapa Kigoma mjini, kuanzia Gungu na Mwanga mpaka Ujiji. Ni kazi ya kalamu: mauzo ya siku, daftari la madeni, makadirio ya kodi ya TRA (Mamlaka ya Mapato), leseni ya halmashauri. Anayeifanya hukaa sana nyuma ya kaunta, na ukiwa huko kodi huioni kama inavyosomwa kwenye taarifa ya habari. Inayosomwa ni asilimia, na unayoiona wewe ni chenji. Maskini wa mji huu anapoteza pesa nyingi katikati ya hivyo viwili.

Kuna neno moja niliondoe njiani kwanza. Wapo watu, na wengine wamesoma, wanaosema maskini wa nchi hii halipi kodi. Hana TIN, yaani namba ya mlipakodi, hana mshahara wa kukatwa, kodi ya kichwa ilifutwa mwaka 2003, sasa analipa nini? Analipa VAT. Kodi ya Ongezeko la Thamani ilianza Tanzania Bara Julai 1998, ikachukua nafasi ya kodi ya mauzo, kwa kiwango cha asilimia 20. Julai 2009 ikashushwa hadi 18, na kwa manunuzi mengi imebaki hapo hadi leo. Kila anayenunua sabuni, betri, biskuti au vocha ameilipa, awe na TIN asiwe nayo.

Muuza duka wa Gungu akikwambia "mimi sina VAT", hakudanganyi, lakini hajakwambia yote. Ni kweli hajasajiliwa. Tangu 2023 anayelazimika kusajiliwa ni mwenye mauzo ya kuanzia shilingi milioni 200 kwa mwaka. Kabla ya hapo ilikuwa milioni 100. Duka linalouza laki moja kwa siku, bila kufunga hata Idi wala Krismasi, linafikisha milioni 36 na nusu tu. Lakini ile katoni ya sabuni kainunua kwa muuza jumla aliyesajiliwa, VAT ikiwa ndani. Aliyesajiliwa huikata kodi aliyolipa wakati wa kununua kutoka kwenye ile aliyoikusanya wakati wa kuuza, kisha anapeleka tofauti. Asiyesajiliwa hana pa kuikata. Anaitia kwenye bei, nawe unaibeba nyumbani pamoja na sabuni yako, bila risiti yoyote inayoionyesha. Ndiyo maana wimbo wa "ukinunua dai risiti" hapa mtaani unapita juu kwa juu. Risiti ya nini, ya kipande cha sabuni?

Nisiwe mchoyo wa haki: serikali haikusahau chakula. Mahindi, maharage, mihogo, mboga, samaki na dagaa ambavyo havijasindikwa vimesamehewa VAT, na kwa kaya ya hapa hilo si jambo dogo. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa 2017/18 uliweka mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi kuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Asilimia 26.4 ya watu wa Tanzania Bara walikuwa chini ya mstari huo. Mstari wa chakula peke yake ulikuwa 33,748. Toa, zinabaki 15,572. Hizo ndizo za mambo mengine yote kwa mwezi mzima: sabuni, mwanga, nguo, nauli, dawa, simu. Si vyote vina VAT, ila vyenye VAT karibu vyote viko humo, kwenye zile elfu kumi na tano. Mwenye mshahara wa kueleweka hali yake ni nyingine. Ada ya shule binafsi anayomlipia mwanawe imesamehewa, na pesa anayoiweka akiba VAT haiigusi mpaka siku ataitoa kuitumia. Anayekula chote anachopata hana pa kuificha hata senti.

Kodi ya mapato, kwa ubaya wake wote, inamfuata mtu na kipato chake: ukipata kidogo unakatwa kidogo, ukikosa hukatwi. VAT inafuata haja. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulifungwa miezi mitatu, katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane. Sina ugomvi na uamuzi huo. Lakini nyumba za Kibirizi na Katonga zilizokuwa zikiishi kwa dagaa na migebuka ziliendelea kufua, kuwasha taa na kupiga simu, na kodi iliyomo kwenye sabuni, umeme na vocha haikufunga msimu.

Sasa nirudi kwenye chenji, maana ndiyo kiini cha maneno yangu.

Chukua kitu kilichokuwa kikiuzwa jero, yaani shilingi mia tano, mwaka 2009, VAT ya asilimia 20 ikiwa ndani. Kodi ikashuka hadi 18. Kwa hesabu ya darasani, bei mpya ni shilingi 491 na senti kadhaa. Punguzo ni shilingi nane. Nani atakurudishia shilingi nane? Sarafu za kumi na ishirini zilikuwa zimeshakuwa za kuchezea watoto. Kwa hiyo jero ikabaki jero. Aliyenunua friji au bati za nyumba nzima aliweza kuliona punguzo lile, kwa sababu kwenye laki sita asilimia mbili zile zinatoa elfu kumi, na noti ya Msimbazi ipo. Punguzo lilikuwa moja kwa wote kwenye karatasi, ila ukubwa wa kapu ndio ulioamua nani alipate.

Kupanda ndiyo kinyume chake. Maskini hununua kwa kupima: kipande cha sabuni kilichokatwa kwenye mche, mafuta ya kula ya kijiko au ya kikombe kidogo, betri moja, kiberiti kimoja. Bei zake ni za sarafu: hamsini, mia, mia mbili, jero. Ni ngazi, na hakuna pa kusimama katikati ya kidato na kidato. Ushuru ukiongezeka kiasi cha kuleta shilingi 12 kwenye kipimo kimoja, muuza duka ana mambo mawili: azimeze hizo 12, au apandishe hamsini. Mwezi wa kwanza huzimeza. Wa pili hupandisha.

Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda ndani ya duka moja Gungu, najumlisha madeni, alipoingia bibi mmoja na kichupa chake cha mafuta.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nitilie ya mia mbili."

"Sasa hivi ni mia mbili hamsini, bibi."

"Juzi si ilikuwa mia mbili?"

"Bajeti, bibi. Imepanda."

"Bajeti ya nani? Mie sikuwa na bajeti."

Tulicheka wote, naye akacheka. Kisha akasema amtilie ya mia mbili hivyo hivyo. Kijana akaishika ile kopo ndogo ya kupimia, akamimina akaishia chini kidogo ya mstari aliozoea. Ndivyo bei zinavyopanda mtaani kwetu mara nyingi: sarafu inabaki ileile, kipimo kinapungua. Hakuna utafiti wa bei unaoweza kuliona hilo kwa urahisi, kwa sababu mafuta ya mia mbili bado ni ya mia mbili.

Na tuzitazame zile 38 zilizobaki baada ya kutoa 12 kwenye hamsini. Hazikwenda TRA. Hazikujenga barabara wala zahanati. Zimebaki kwa muuza duka, na simlaumu sana, maana naye kuna mzigo uliomwagika na deni lisilolipwa. Mimi ndiye ninayemwandikia hilo daftari. Ila kwa bibi yule, ongezeko la kodi la shilingi 12 limemgharimu hamsini. Bungeni watajadili kama 12 ni nyingi au ni kidogo. Hamsini haitatajwa, kwa kuwa haimo kwenye makaratasi.

Mfano ulioniuma zaidi ni wa mafuta ya taa. Mwaka 2011 uchakachuaji ulikuwa umezidi. Watu walikuwa wanachanganya mafuta ya taa kwenye dizeli kwa sababu ya tofauti ya kodi. Serikali ikaziba mwanya: ushuru wa bidhaa kwenye mafuta ya taa ukapandishwa kutoka shilingi 52 hadi 400.30 kwa lita. Kwa kuzuia wachakachuaji, hoja ilikuwa na akili. Lakini wenye malori ya mafuta si wanaowasha koroboi. Ongezeko la shilingi 348 kwa lita, ukiligawa kwenye kichupa cha robo lita, ni 87, na dukani 87 husomeka mia. Vijiji vingi vya mkoa huu wakati huo havikuwa na umeme. Mtoto alisoma kwa koroboi, na kule ziwani dagaa walivuliwa kwa karabai. Mtumbwi mmoja uliwasha karabai kadhaa usiku kucha. Familia ya mvuvi ililipa mara mbili: kwenye taa ya nyumbani na kwenye taa ya kazini. Leo taa za sola na za betri zimechukua nafasi kubwa ya karabai, na wapo watakaosema basi ushuru ulisaidia kuleta mabadiliko. Labda. Aliyekuwa na pesa ya kununua sola alibadilika mwaka ule. Asiyekuwa nayo aliendelea kulipa mia zake miaka mingi baadaye.

Ukitaka kuona upande wa kushuka ulivyo mgumu, kumbuka taulo za kike. Bajeti ya 2018/19 ilizisamehe VAT. Ilikuwa hatua iliyopigiwa makofi na watu wa vyama vyote. Mwaka mmoja baadaye, kwenye bajeti ya 2019/20, Waziri wa Fedha wa wakati huo, Philip Mpango, akairudisha kodi hiyo, kwa sababu wafanyabiashara hawakushusha bei. Na kweli hazikushuka, hapa kwetu angalau sikuziona zikishuka. Lakini kuna mambo mawili ambayo kelele za siku zile ziliyapita.

La kwanza ni la kiufundi. Bidhaa "kusamehewa" VAT si sawa na kutozwa kwa kiwango cha sifuri. Kiwandani wananunua malighafi, vifungashio, umeme, usafiri, na vingi vina VAT. Bidhaa ikiwa ya kiwango cha sifuri, kiwanda hudai kurudishiwa kodi hiyo. Ikiwa imesamehewa, hakidai. Kodi ile inabaki imezama ndani ya gharama. Kwa hiyo hata mfanyabiashara mwenye roho safi asingeweza kushusha bei kwa kiasi chote ambacho wananchi walitegemea. La pili ni lilelile la sarafu: kinachobaki cha kushusha kinapita mikono mitatu minne kabla ya kufika duka la mtaani, na kila mkono una sababu yake ya kukizungusha kuelekea juu. Lawama walipewa wafanyabiashara, bei wakalipa wasichana. Ningekuwa mimi, ningezigawa taulo zile shuleni kwa fedha za kodi hiyohiyo. Mfuko wa msichana wa Uvinza ungeona tofauti siku hiyohiyo, bila kumtegemea mtu yeyote ashushe kitu.

Jambo jingine ambalo watu wa Dar es Salaam huwa hawaliwazi ni umbali. Kigoma ni mwisho wa reli, na reli yenyewe kutoka Dar ina zaidi ya kilomita 1,200. Tuseme bidhaa inatoka ghala la Dar kwa shilingi 10,000 kabla ya VAT. Mnunuzi wa Dar analipa kodi ya 1,800. Ipakie kwenye lori, ipitishe Dodoma na Tabora, iteremshe hapa. Nauli na faida ya njiani vikiongeza 2,000, muuza jumla wa hapa aliyesajiliwa ataitoza VAT kwenye 12,000. Kodi inakuwa 2,160. Bidhaa ileile, matumizi yaleyale, na mtu wa Kigoma kalipa shilingi 360 zaidi kwa serikali kwa kosa la kuishi mbali. Asilimia 18 ni ya nchi nzima, lakini umbali wetu nao unatozwa kodi. Ongeza tozo za mafuta ambazo ni kwa lita: 2023 iliongezwa shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli. Lori la kuja huku linakunywa lita nyingi kuliko linalokwenda Morogoro. Mwaka uleule saruji iliwekewa ushuru wa shilingi 20 kwa kilo, yaani 1,000 kwa mfuko wa kilo 50. Hiyo angalau ni elfu moja iwe Dar iwe Kasulu, ingawa anayejenga chumba kimoja kwa kununua mfuko mmoja kila akipata ndiye anayeihesabu kila mara.

Tozo za miamala ya simu nitazipita haraka, maana zimeshasemwa sana. Zilianza Julai 2021, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala kulingana na kiasi, zikapunguzwa baada ya kelele, zikapunguzwa tena, na 2023 tozo ya kutuma pesa ikaondolewa. Nilichokiona mimi ni kwamba wateja walirudi kutumiana pesa kwa makondakta wa mabasi na kwa ndugu anayepanda treni, kama zamani. Baadhi hawajarudi kwenye simu hadi leo. Kodi iliondoka, tabia ikabaki.

Watu wa hapa wana pa kukimbilia, na pa kwanza ni mawese. Tangu 2018, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alipolivalia njuga zao la michikichi, na kituo cha utafiti cha TARI Kihinga kuanza kuzalisha mbegu bora, mawese yamekuwa habari ya taifa, lakini kwa mama wa Ujiji yalikuwa habari ya jikoni tangu utoto. Mawese yanayokamuliwa kijijini na kuuzwa kwa dumu au kwa chupa hayapiti kwa muuza jumla aliyesajiliwa, wala hayana mashine ya EFD ya kutolea risiti. Mafuta yaliyosafishwa yakipanda, mji wote unanukia mawese. Vivyo hivyo sabuni za kienyeji. Wataalamu wengine husema ndiyo sababu VAT si mbaya sana kwa maskini wa nchi kama hizi: sehemu kubwa ya matumizi yake iko nje ya mfumo, shambani kwake au kwa jirani. Nakubali nusu. Kwa kaya ya kijijini yenye shamba na michikichi yake, ndivyo. Kwa mpangaji wa chumba kimoja Mwanga, asiye na shamba, anayebeba mizigo sokoni, kila kitu hadi mwanga anakinunua.

Mwaka 2025 kukaja unafuu mpya: mnunuzi wa kawaida akilipa kwa benki au kwa mfumo wa kielektroniki, VAT inakuwa asilimia 16 badala ya 18. Nililisoma mara mbili nikaelewa lengo, kuwatoa watu kwenye pesa taslimu ili mauzo yaonekane. Kisha nikamuuliza mwenye duka mmoja, shemeji yangu kwa upande wa dada, kama wateja wake watanufaika.

"Lipa namba ninayo, shemeji," akanijibu. "VAT ndiyo sina."

Hapo ndipo mambo yalipo. Punguzo linatolewa na muuzaji aliyesajiliwa. Anayenunua kwenye duka kubwa lenye mashine na kulipa kwa kadi atapata asilimia zake mbili, na kwenye manunuzi ya laki tatu zitaonekana. Anayenunua sabuni ya jero kwenye kioski atalipa VAT ya 18 iliyozama tangu kwa muuza jumla, na akilipa kwa simu ataongeza na ada ya muamala. Sera haikumlenga yeye, sawa. Lakini ikitangazwa kuwa "VAT imeshuka", naye anahesabiwa miongoni mwa walioshushiwa.

Sisemi VAT ifutwe. Hospitali na shule vinatoka humo, na nchi ambayo wengi hawana mishahara rasmi haina kodi nyingi za kuchagua. Misamaha mingi nayo nina wasiwasi nayo. Gesi ya kupikia imesamehewa VAT, na nyumba inayojaza mtungi kila mwezi inafaidi msamaha huo kuliko nyumba inayonunua mkaa wa kopo. Kila ukisamehe bidhaa, anayeinunua kwa wingi ndiye anayepata kingi. Naamini zaidi kile kinachofika mkononi, kama ruzuku za TASAF, mfuko wa kusaidia kaya maskini, na kile kinachofika kwenye kipimo ambacho hakina sarafu.

Kipimo cha namna hiyo kipo: umeme. LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, haina chenji. Ukinunua umeme wa buku, yaani elfu moja, mashine inakukatia kodi na tozo mpaka senti, na inakupa uniti mpaka desimali. VAT asilimia 18, tozo ya REA ya umeme vijijini asilimia 3, tozo ya EWURA, mdhibiti wa nishati, asilimia 1. Kodi ikishuka hata nusu asilimia, uniti zitaongezeka palepale, bila muuza duka wa kuzungusha. Na tayari kuna bei ya watumiaji wadogo: kwa viwango vya 2016, nyumba isiyozidi uniti 75 kwa mwezi ililipa shilingi 100 kwa uniti, na mtumiaji wa kawaida 292. Ukiweka kodi na tozo ni 122 na 356. Buku moja inampa wa kwanza uniti nane na kidogo, wa pili mbili na nusu na ushee.

Bei nzuri, ila nenda Mwanga ukahesabu vyumba. Nyumba moja, mita moja, wapangaji saba. Kila chumba kina taa mbili, redio, chaja ya simu, na pengine feni. Hakuna chumba kinachofika hata uniti 25. Wakijumlishwa wanazidi 75, kwa hiyo nyumba nzima iko kwenye bei ya juu, na mwenye chumba kimoja analipa 356 kwa uniti. Jirani yake mwenye nyumba yake mwenyewe, mita yake, watoto wawili na matumizi ya uniti 60, analipa 122. Juu ya hapo tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, elfu moja kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu 2023 elfu moja na mia tano. Kisheria ni ya mwenye nyumba. Anayekatwa ni aliyenunua umeme siku hiyo, na wapangaji huzunguka wakiviziana: mwanzo wa mwezi hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kununua. Nimeona nyumba ikikaa giza siku mbili kwa ajili ya hizo elfu moja na mia tano.

Kama bajeti ijayo inatafuta pa kumgusa mtu wa kipato cha chini bila pesa kupotelea njiani, ianzie kwenye mita hizi. Uniti 75 za bei nafuu zihesabiwe kwa kaya, ziache kuhesabiwa kwa mita, na kodi ya majengo iondolewe kwenye mita za nyumba za kupanga ipelekwe kwa mwenye hati. Namba za mita zipo kwenye kumbukumbu za TANESCO, na idadi ya vyumba vya kila nyumba mwenyekiti wa mtaa anaijua.